Machipukizi Yaliyojikunja

Chilangala, Newala
12 Desemba 1993

Mjomba wangu Alfredi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ni ya Luka, yuko juu ya bati anapigilia misumari na ananipigia kelele nisisahau kukusalimu. Wilhelmina na wanawe hawajambo? Mwambie dada yangu huyo ahsante kwa kukutunza, na asichoke. Kidonda cha mguu kimefikia wapi? Barua yako ya mwisho ilisema kinakauka, lakini mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeandika amelala.

Huku mvua imeanza, na mwaka huu tunakunywa maji ya bati! Luka alinunua pipa la chuma kwa Nurdini, yule mnunuzi binafsi wa korosho. Ndiyo mambo ya ruksa haya, biashara huria, siku hizi kila mtu anauza kila kitu. Pipa lenyewe linanifika kifuani. Kulipata alimuuza mbuzi wa mama yake, na mama mkwe Paulina mpaka leo hamjibu vizuri. Mimi sina ugomvi nalo. Kushuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani nimewaachia wengine.

Sasa neno lenyewe. Ile misonobari yako ya vyunguni inaumwa.

Mwezi uliopita ilichipua vizuri sana, vile vishumaa vyake vya kijani vilisimama wima, nikafurahi. Mvua ilipoanza nikajua sasa itanenepa. Badala yake machipukizi yamejikunja. Mengine yamepinda mpaka yanatazama chini, mengine yamejisokota kama mkia wa nguruwe. Luka anasema, miti tu hiyo, itapona. Jirani yetu Mama Isabela alikuja akaiangalia, halafu akaniuliza ni nani ana kijicho nami. Tangu aniulize sipati usingizi.

Unakumbuka ulichosema siku ulipoileta. Walikuwa wamekupunguza kazini, na mimi mimba ya pili ilikuwa imetoka. Ukavipanga vyungu vitatu barazani ukasema, "Mimi nimekosa kazi, wewe umekosa mtoto, basi tulee hivi." Ndiyo maana naogopa, Mjomba. Njoo uione mwenyewe.

Mpwa wako,
Severina


Masasi
20 Desemba 1993

Mpwa wangu Severina,

Marahaba, wewe na huyo fundi wako wa bati. Hapa tu wazima. Wilhelmina ameuza vitumbua vyake vyote leo, kwa hiyo nyumba ina amani. Joto la Masasi unalijua, ndiyo maana miti nilikuachia wewe kwenye baridi yenu. Mguu hauniumi tena, usiusumbukie.

Habari za kijicho sitaki kuzisikia. Mama Isabela ni mwema, lakini miti haijui. Mimi nimekula mshahara wa misitu mpaka nywele zikapukutika, na yule Mjapani aliyenifundisha kuilea vyunguni alikuwa na neno moja tu: tazama kwanza, ogopa baadaye. Basi tazama.

Anzia nchani, ushuke. Je, sindano za zamani nazo zimeharibika, au ni hizi mpya tu? Mti wenye kiu hunyauka na kukauka, haujisokoti. Mdudu huacha tundu, au utando, au mavi yake kama unga wa msumeno. Chukua kitambaa cheupe, utikise tawi juu yake. Ukungu mara nyingi huanzia chini, kwenye majani makuukuu, ukiacha madoa. Kama Luka amepuliza salfa ya kuzuia ukungu kwenye mikorosho karibu na nyumba, upande mmoja utakuwa umeungua na mwingine mzima. Lakini salfa si ya msimu huu.

Halafu niambie kama vyungu vyote vitatu ni wagonjwa. Hilo ndilo kubwa. Ukipata mmoja mzima, niambie unakaa wapi, nani anaumwagilia na kwa maji gani.

Kuja siwezi kwa sasa. Mvua hizi, na huo mlima wenu.

Mjomba wako,
Alfredi


Chilangala
28 Desemba 1993

Mjomba,

Shikamoo. Krismasi ilipita vizuri, tuliimba mpaka sauti zikakauka. Luka alichinja jogoo, na mama mkwe akala bila kumtazama. Nashukuru kwamba mguu umepoa. Ungepoa kweli ungekuwa umeshafika hapa kunigombeza kwa mdomo, lakini haya.

Nimetazama kama ulivyosema. Zilizoharibika ni sindano mpya tu. Za zamani ni kijani kabisa, hazina doa. Nimetikisa kitambaani, haikudondoka hata chembe ya mdudu. Haijaungua upande mmoja. Imejikunja kote, mbele na nyuma.

Na mmoja ni mzima! Ni ule aliouchukua mama mkwe, alisema mti mfupi vile unamfaa mtu mfupi. Uko mlangoni kwake, hatua chache kutoka kwangu, jua lilelile, mvua ileile. Umechipua wima mpaka natamani kuuiba. Yeye maji ya pipa hayagusi, ameapa, kwa sababu ya mbuzi wake. Anashuka bondeni na miguu yake ile, na ndoo yake ndogo, na hayo ndiyo anayounyweshea mti.

Yangu nainywesha ya pipa. Na pipa tulilisafisha sana, usidhani mimi mchafu. Lilipokuja lilikuwa na harufu kali, maandishi yamekwanguliwa. Luka alilisugua kwa mchanga na majivu, tukalisuuza kwa omo. Maji ya kusuuzia sikuyamwaga hivihivi, wewe unajua maji huku kwetu ni mali, nikayaweka kwenye vyungu vyako viwili vilivyo kwangu. Harufu ikabaki kidogo. Nikalifukiza kwa ubani kama tunavyofukiza mitungi, likatulia kabisa. Sasa maji yake yananukia, wageni wanasifu.

Mjomba, kuna jingine. Sikutaka kuliandika kwa sababu nililiandika mara mbili zilizopita na unajua yalivyoisha. Nina mimba. Inaingia mwezi wa nne. Huku hajui mtu ila Luka. Nikiamka asubuhi natazama kwanza yale machipukizi, halafu najishika tumbo. Niambie hayahusiani. Niandikie hivyo tu, nitakuamini.

Severina


Masasi
4 Januari 1994

Severina,

Salamu baadaye. Kuanzia dakika unayosoma hapa, usinywe maji ya pipa. Usipikie, usiogee, usioshee vyombo. Wewe wala Luka. Tumia ya bondeni, na usiyabebe wewe, abebe Luka. Kama ana aibu ya kubeba ndoo mbele za wanawake, mwambie mimi nimesema.

Nilishawahi kuona hili kwenye kitalu chetu. Kibarua mmoja alinyunyizia dawa ya kuua magugu, kesho yake bomba lilelile likatumika kumwagilia miche. Sindano za zamani zikabaki kijani, mpya zote zikajisokota vilevile unavyoeleza. Kuna dawa ambayo haichomi jani. Inakwenda kwenye kile kinachokua, na kukivuruga kikiwa kinakua. Nadhani pipa lile lilibeba dawa ya namna hiyo. Ubani uliua harufu tu, mwanangu. Dawa hujificha kwenye mikunjo ya chuma.

Luka atabisha, kwa hiyo fanya hivi. Chukua makopo mawili, udongo wa sehemu moja, panda kunde. Moja ulinyweshee maji ya pipa, jingine ya bondeni. Yakitoka majani, mwite atazame. Lakini usisubiri kunde ndipo uache kunywa. Acha sasa.

Umeniomba niandike kwamba hayahusiani. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Andika haraka uniambie umeacha.

Nampa Sadallah wa lori, anapanda leo.

Alfredi


Chilangala
23 Januari 1994

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini umekaa kimya kwa sababu ya mvua na si kwa sababu nyingine. Watu wanasema barabara ya mlimani imekatika, magari yamelala chini huko na korosho zake zinaota. Barua hii naiweka kwa mtu anayeteremka kwa miguu.

Kama uliniandikia, sijapata. Kama hukuniandikia kwa kuwa nilikutajia habari ya mimba, nisamehe, ningekaa nayo.

Sasa hali si nzuri. Juzi tumbo lilinikaza, nikaona damu kidogo, kidogo tu, halafu ikakata. Nililala chini siku nzima. Luka alinipikia uji, akanipa maji vikombe kwa vikombe, alisikia kwamba mwenye mimba akitokwa damu anywe maji mengi. Jamani, ananihurumia yule mwanaume. Usiku anaamka kuniuliza kama nina kiu.

Miti yako miwili imekuwa mibaya zaidi. Machipukizi yamekufa yote, yamekuwa rangi ya kahawia. Nimeigeuza ielekee ukutani ili nisiione. Ule wa mama mkwe unaendelea kunenepa. Mama Isabela anasema dhahiri kwamba mama mkwe ndiye anayetuloga, kwa ajili ya mbuzi, na mti wake ndio ushahidi. Watu wameanza kumkwepa kisimani. Mimi mwenyewe jana alinipa kiazi nikakificha, sikukila. Mungu anisamehe, ila naogopa kila mtu.

Njoo, tafadhali. Hata ukiletwa kwa machela.

Severina


Masasi
2 Februari 1994

Severina,

Barua yako ya tarehe 23 imenifika leo, na nimeelewa kwamba yangu hukuipata. Sadallah alikwama. Umekunywa mwezi mzima. Soma taratibu.

MAJI YA PIPA NI SUMU. USINYWE HATA KIKOMBE KIMOJA.

Si mama mkwe wako. Mti wake ni mzima kwa sababu ya maji ya bondeni, basi. Nenda kamwombe akugawie ndoo yake, na ukale kiazi chake. Nenda zahanati, mwambie mkunga kila kitu, usifiche pipa kwa ajili ya heshima ya Luka.

Nampa katekista anayepanda kwa miguu. Nimemwapisha asilale njiani.

Alfredi


Chilangala
20 Februari 1994

Mjomba,

Shikamoo. Barua zako mbili zilifika siku moja. Katekista alikuja na tope mpaka kiunoni, na jioni Sadallah naye akatokea, ile ya Januari ilikuwa imekaa kwenye gari lake muda wote. Nilisoma ya pili kabla ya ya kwanza. Nilikuwa nimeshika kikombe.

Nilikitua. Nikamwita Luka nikamsomea. Akakasirika sana, sijawahi kumwona hivyo. Akasema, "Mjomba wako anaongea na miti siku hizi." Akachota kikombe kizima akanywa mbele yangu, akachota cha pili. Mimi nikatoka, nikaenda mlangoni kwa mama mkwe, nikapiga magoti. Nikaishika ndoo yake. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji. Akasema, "Nilikuwa nangoja mmoja wenu apate akili." Kumbe yeye hajui lolote la sumu, alidhani nimekuja kwa ajili ya mbuzi! Nilicheka na kulia pamoja.

Tulipanda zile kunde. Luka alikataa kuzitazama, lakini nilimkuta amechuchumaa kwenye makopo asubuhi kabla sijaamka. Za bondeni zilifungua majani mapana. Za pipa zilitoka na shingo zimepinda, majani yamejikunja kama vikombe. Halafu Luka akaenda nyumba kwa nyumba, kwa wote aliowashawishi kununua mapipa kwa Nurdini, na Mama Isabela akiwa wa kwanza. Wengine walimtukana. Nurdini amekwenda Mtwara, hajulikani atarudi lini. Luka alitoboa pipa letu kwa shoka, na sasa analala bila kusema nami, kwa aibu, wala si kwa hasira. Ni yeye aliyekuwa akinipa vile vikombe.

Mkunga Getrude amenipima. Amesema mtoto anacheza, mengine hawezi kuyaona. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Umesema dawa hiyo inakwenda kwenye kile kinachokua. Kilichokuwa kinakua ndani yangu ni nini kama si yeye?

Na Sadallah ameniambia habari ya mguu. Wameukata tangu Novemba. "Hauniumi tena." Ungeniambia, Mjomba. Mimi nilikuwa nakulazimisha upande mlima.

Severina


Masasi
3 Machi 1994

Mwanangu,

Ni kweli kuhusu mguu. Ni sukari, waliniambia ni mguu au ni mimi. Nilikuona una mazishi mawili moyoni, nikasema hili la kwangu lisubiri. Wilhelmina alinigombeza, na wewe nigombeze, ninastahili.

Swali lako nimelisoma. Mimi najua miti. Mti hauna damu, hauna tumbo, na mtu si msonobari. Yaliyoukunja mti huenda yakampita mtoto asiyajue kabisa. Na huenda yasimpite. Nikikuambia zaidi ya hapo nitakuwa Mama Isabela mwingine. Ninaogopa kama wewe unavyoogopa. Usiku naukuna mguu ambao haupo na kuwaza vidole vya huyo mtoto.

Miti ile miwili usiitupe. Itoe kwenye udongo wake, osha mizizi kwa maji ya mvua yanayotiririka, uiweke kwenye udongo mpya. Kata ncha zilizokufa. Kama shina liko kijani ukikwangua kwa ukucha, basi bado liko hai.

Na Luka msemeshe. Alikupa maji kwa sababu anakupenda.

Alfredi


Chilangala
19 Juni 1994

Mjomba,

Shikamoo. Salamu zingine zote zitasubiri. Amezaliwa jana, wa kike. Alilia kabla hajatoka mwili wote, Getrude amesema huyo atakuwa mgomvi kama bibi yake Paulina.

Walimfunga kwenye kanga wakanipa. Nikasema, mfungueni. Getrude akasema kuna baridi, mtoto ni mzima, pumzika. Nikasema, mfungueni! Mama mkwe ndiye aliyemfungua, hakuuliza kwa nini. Aliufunga na mlango, upepo usiingie.

Nilianzia nchani, kama ulivyonifundisha. Vidole vya mkono wa kushoto, nikavipitia kimoja kimoja. Kucha zipo. Vya mkono wa kulia. Vya miguu, nikavitenganisha, vilikuwa vimeshikana kwa ute tu. Nikashuka magotini, kiunoni, nikampapasa mgongo mfupa kwa mfupa, shingo, nyuma ya masikio. Luka alikuwa nje dirishani, anauliza, "Vipi? Vipi?" na mimi siwezi kumjibu kwa kuwa sijamaliza.

Halafu nikampa kidole changu. Akakishika, akaukunja mkono wote, akaukaza. Mjomba, nilipiga ukelele. Getrude akadhani natoka damu, akaja mbio. Nilikuwa nauona mkono ule umejikunja vilevile, vidole vimeingia ndani, na akili ikaniruka.

Mama mkwe akasema, "We Severina, hiyo ni ngumi. Watoto wote hukunja ngumi."

Sikumwamini. Nilikaa nimeutazama ule mkono, sipepesi, na Luka ameacha kuuliza. Tukangoja. Mtoto akapiga mwayo, akakunjua vidole.

Mpwa wako,
Mama Paulina